Anayechagua gari ya viti saba aanze kukagua safu ya nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu gari za juu zenye safu tatu za viti, ambazo kwa miaka ya karibuni zimekuwa tamaa ya kila mwenye familia, hapa Pemba na kule Unguja, anayepata mkopo wa benki au anayevunja akiba yake. Mimi ni fundi wa gari hapa Chake Chake, na kazi yangu nyengine, ambayo sikuiomba, ni kuitwa niiangalie gari ambayo mtu ameshaipenda. Ninapofika, mnunuzi huwa ameshafungua boneti, ameshabonyeza tairi kwa mguu, na ameshasifu taa za mbele na jinsi gari ilivyoinuka. Safu ya tatu, ambayo ndiyo iliyomfanya atafute gari ya namna hiyo badala ya gari ya viti vitano, mara nyingi bado imelala chini ya zulia la buti na hakuna aliyeiinua. Rai yangu ni kwamba utaratibu huo ugeuzwe: ukaguzi uanzie nyuma, na gari iliyoshindwa nyuma isipotezewe muda wa kufunguliwa boneti.

Nasema hivyo kwa sababu viti hivyo vilipobuniwa, waliobuni hawakuwa na safari zetu akilini. Katika gari nyingi za ukubwa wa kati, safu ya tatu ni nafasi ya akiba, kwa watoto wawili wa jirani wanaorudishwa kutoka skuli au kwa mgeni anayepelekwa mtaa wa pili. Sisi tunaijaza gari tangu mlangoni. Anayetoka Micheweni alfajiri kuwahi boti Mkoani anavuka karibu kisiwa chote, na aliyekaa nyuma anakaa huko safari nzima. Tena wazee kwa heshima yao hukalishwa mbele na katikati, kwa hiyo wanaosukumwa nyuma ni vijana, ambao siku hizi wengi wao ni warefu kuliko baba zao. Matokeo yake ni kwamba kiti kidogo kuliko vyote kinapewa miguu mirefu kuliko yote.

Tatizo lenyewe ni la vipimo. Gari ya juu ya ukubwa wa kati huwa na urefu wa kati ya mita 4.5 na 4.9, na nyingi kati ya hizo zilianza maisha zikiwa ni gari za viti vitano, kisha zikaongezwa viti viwili mahali palipokuwa pa mizigo. Viti hivyo hukaa karibu na ekseli ya nyuma, na sakafu ya hapo hupanda ili kuipisha ekseli na vyuma vyake. Kiti kinakuwa chini, sakafu inakuwa juu, na magoti ya abiria yanaelekea kidevuni. Toyota Vanguard, inayojulikana sana kwetu, ni mfano mzuri: iliuzwa Japani kuanzia 2007 hadi 2013, ni ndugu mrefu wa RAV4, na ina urefu wa milimita 4,570 kutoka bampa hadi bampa. Mitsubishi Outlander ya kizazi cha pili ina benchi jembamba linalokunjuka kutoka sakafuni, ambalo mtu mzima hulivumilia kutoka Chake hadi Gombani na si mbali zaidi. Nissan X-Trail iliyotoka mwishoni mwa 2013 iliuzwa ya safu mbili na ya safu tatu, na ile iliyoifuata, ilipoingia Ulaya, watengenezaji wenyewe walieleza kuwa safu ya tatu inamfaa mtu asiyezidi sentimita 160. Hilo limesemwa na aliyeitengeneza, na muuzaji wa yadi asitwambie vyengine. Mazda CX-8, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Disemba 2017, ilipangwa tangu mwanzo kuwa ya safu tatu: ina urefu wa milimita 4,900, na Mazda walieleza kuwa mtu wa sentimita 170 anaweza kukaa nyuma. Tofauti ya sentimita kumi za kimo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha kijana anayekaa na kijana anayejikunja.

Kwa hiyo namna ya kupima ni hii. Dereva akae mkao wake wa kila siku, asijibane kwa ajili ya maonesho. Mtu wa safu ya pili akae nyuma yake, kiti chake kikiwa pale anapopata raha. Kisha mrefu kuliko wote nyumbani apande safu ya tatu, mlango wa nyuma ufungwe, na akae humo kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha kahawa. Atazame kama kichwa kinagusa dari, kama nyayo zimepata pa kupita chini ya kiti cha mbele yake, na umbali gani umebaki kati ya kisogo chake na kioo cha nyuma, kwa sababu gari ikigongwa nyuma, nafasi hiyo ndiyo kinga yake. Halafu ashuke bila kusaidiwa. Katika gari nyingi za Japani kiti cha safu ya pili kinachosogea vizuri kupisha njia ni cha kushoto, na kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi, abiria anashukia upande wa ukingo wa barabara, jambo ambalo ni bahati kwetu. Lakini aliyefunga kiti cha mtoto mchanga upande huo ameshaiziba njia, na itabidi atafakari mapema nani atakaa wapi.

Kuna gari moja ambayo ikitajwa katika mazungumzo haya wanunuzi hukunja uso, nayo ni Toyota Noah, yenye umbo la basi dogo. Noah ya 2007 hadi 2014 katika umbo lake la kawaida ina urefu wa milimita 4,595, yaani inaizidi Vanguard kwa upana wa vidole viwili tu, na kwa ubavu ni nyembamba zaidi, milimita 1,695, jambo ambalo anayeegesha Darajani au Mchangani ataliona faida yake. Hata hivyo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,825 kwa Noah na 2,660 kwa Vanguard. Sentimita 16 na nusu hizo zimekwenda moja kwa moja kwenye miguu ya abiria, sakafu yake ni bapa, mlango wa pembeni unateleza, na safu ya tatu inakaliwa na watu wazima wakashuka wanacheka. Wanaoikataa hawaikatai kwa hesabu. Wanasema ni gari ya kubebea watalii au ya biashara, na kwamba mtu mwenye cheo hawezi kuonekana nayo kwenye harusi. Hilo ni suala la fakhari, na sina ugomvi na fakhari ya mtu, ila isivishwe nguo ya mahitaji ya familia.

Hoja ya kweli dhidi ya Noah ni barabara. Anayeishi ndani, kwenye njia ya udongo mwekundu inayogeuka utelezi kila masika, na Pemba mvua zetu ni nyingi kuliko za Unguja, ana haki ya kutaka gari iliyoinuka. Chini ya Noah kuna uwazi wa takriban sentimita 16, chini ya X-Trail kama 20, na chini ya Toyota Prado kama 22. Lakini vipimo hivyo huchukuliwa gari ikiwa tupu. Pakia watu saba na uzito wao mwingi ukaangukia nyuma, springi zikakaa, na sentimita kadhaa zinapotea pale pale ambapo bomba la moshi linapita. Wengi waliokwaruza tumbo la gari za juu kwenye matuta walikuwa wamejaza safu zote tatu, na shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka tangu gari iko Japani. Mtu huyo hushangaa, akasema aliambiwa gari hii ni ya juu.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue, kwa kuwa limeandikwa kwenye hati iliyo mkononi mwake. Hati ya Kijapani ya kutolea gari nje huonesha idadi ya watu iliyosajiliwa, uzito wa gari tupu, na uzito wa gari iliyojaa. Japani huhesabu kila abiria kuwa ni kilo 55. Toa uzito mdogo kwenye uzito mkubwa: gari ya watu saba itakupa kilo 385, na gari ya watu watano itakupa 275. Hesabu hiyo ina faida mbili. Ya kwanza, inakujulisha kama gari unayouziwa ilisajiliwa kweli kuwa ya watu saba, kwani Vanguard na X-Trail ziliuzwa za namna zote mbili na picha za nje hazitofautishi. Ya pili, inakukumbusha kuwa katika kilo hizo hamna gunia la mchele, hamna masanduku ya wageni, hamna mkungu wa ndizi wala galoni za mafuta ya kupikia. Watu saba wazima wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 490, na hapo hawajabeba hata mkoba. Sisemi gari itavunjika siku hiyo. Nasema breki, tairi na springi zinafanya kazi ambayo hazikukadiriwa, na anayekusudia kuijaza kila wiki afunge springi na shokapu zilizo nzima, na ajaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, badala ya kumuachia kijana wa pampu akisie.

Mizigo yenyewe itakaa wapi? Safu ya tatu ikiinuliwa, katika gari nyingi za ukubwa wa kati kinachobaki nyuma yake ni ufa wa kupenyeza mkoba wa laptopu. Watu hukimbilia kufunga keria juu ya paa, na mzigo wa juu huiyumbisha gari kwenye kona, nasi Pemba kona na milima ndiyo barabara yetu. Familia ya watu watano wenye mizigo mingi ingenufaika zaidi na gari ya safu mbili yenye buti kubwa, ikabakiwa na pesa.

Mikanda ndiyo inayonitia uchungu. Nimeingia katika gari nyingi ambazo mikanda ya safu ya tatu imefukiwa chini ya viti, au vishikizo vyake havionekani, na mwenye gari hana habari. Kila kiti kiwe na mkanda unaovutika na kurudi, wenye kupita begani na kiunoni. Katika gari za zamani kiti cha kati cha safu ya pili huwa na mkanda wa kiunoni peke yake, na hapo asikalishwe mtoto kama pana nafasi nyengine. Suala la kumpakata mtoto najua nitaambiwa ni mazoea yetu, lakini katika mgongano, hata wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto. Ukishauvuta mkanda wa nyuma, uvute mpaka mwisho wake. Ukikuta alama ya maji au vumbi la tope limekauka kwenye ncha ambayo kwa kawaida haitoki, hiyo ni gari iliyozama kwenye mafuriko, na msafishaji alisahau kuosha hapo.

Kuhusu mifuko ya hewa, uliza kama ile inayoshuka madirishani inafika safu ya tatu, kwani katika baadhi ya gari inaishia safu ya pili. Na hapa pwani tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoomba kufilisika mwaka 2017, ilitengeneza mamilioni ya vifaa vya kujazia mifuko hiyo kwa kutumia amonia naitreti, kemikali ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu hata kifaa kikaweza kupasuka kwa nguvu na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Marekani, ubadilishaji ulipopangwa, maeneo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii yalipewa kipaumbele. Hali ya hewa yetu haina tofauti kubwa na ya huko, na gari tunazonunua ni za miaka ile ile iliyoguswa. Kwa namba ya chesisi, mtu anaweza kuangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari yake iliitwa kurekebishwa na kama marekebisho yalifanywa, na kazi hiyo haigharimu zaidi ya bando la simu.

Injini na giaboksi naziweka nyuma kwa makusudi, ingawa ndizo zinazonilisha. Gari ya juu ya lita 2.0 yenye watu saba na kiyoyozi, ikipanda milima ya Chake hadi Wete, inafanya kazi ngumu, na nyingi kati ya hizi zina giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambayo huchemka ikielemewa na hufa mapema ikitiwa oili isiyo yake. Vanguard ya lita 2.4 nayo ina giaboksi ya namna hiyo, na injini yake, 2AZ-FE ya miaka ile, inajulikana kwa kula oili, kwa hiyo mwenye nayo azoee kuchomoa kijiti cha kupimia. CX-8 niliyoisifu kwa nafasi, ile ya dizeli ya lita 2.2, ina chujio la moshi linalojisafisha gari ikikimbia mwendo mrefu bila kusimama. Kisiwani kwetu, ambako safari ni fupi na matuta ni mengi, chujio hilo huziba, na spea zake zitasubiriwa kutoka ng'ambo. Nisingemshauri mtu wa Pemba kuinunua leo, pamoja na uzuri wake wote.

Prado ndiyo jibu la wengi, na kwa njia mbovu ni jibu sahihi, maana ina chesisi yake ya chuma chini ya bodi, inavumilia, na spea zinapatikana. Lakini hata yeye apimwe nyuma kama wenzake: katika ile ya kizazi kilichoanza 2002 viti vya tatu huning'inia ubavuni vikila nafasi ya mizigo, na katika ile iliyoanza 2009 vinalala sakafuni, na sakafu ikawa juu. Nyingi zinazotoka Japani za kati ya 2009 na 2015 ni za petroli ya lita 2.7, kwa kuwa huko dizeli haikuuzwa kwa Prado ya kizazi hicho mpaka ile ya lita 2.8 ilipotoka Juni 2015. Zaidi ya tani mbili zinazosukumwa na petroli ya lita 2.7 zikiwa na watu saba zitamfanya mwenye gari asubiri tangazo la bei za mafuta la ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji Zanzibar, kila mwezi kwa hamu ya pekee.

Kutu niitaje kwa ufupi. Mikoa ya Japani yenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari ya huko ikija kukaa kwenye upepo wa bahari yetu haina maisha. Kwenye karatasi ya mnada, yaani ile ya ukaguzi wa gari inayouzwa mnadani Japani, herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokula bati, na daraja la R ni gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Inua zulia la safu ya tatu utazame bati la chini.

Nimalizie kwa ombi kwa wenye yadi na mawakala wa kuagiza gari wanaotangaza katika magazeti na simu zetu. Kila tangazo la gari ya viti saba liwe na picha ya ndani iliyopigwa mlango wa nyuma ukiwa wazi na viti vyote saba vimeinuliwa, pamoja na picha ya ukurasa wa hati ya Kijapani unaoonesha idadi ya watu na uzito, na wakaguzi wa gari nao wavute mikanda ya safu ya tatu kabla ya kugonga muhuri. Nawe, Mhariri, ukiwa na ukurasa wa matangazo ya gari, ungetusaidia kuidai picha hiyo kabla ya kulipokea tangazo.

Wako msomaji,
Fundi wa gari,
Chake Chake, Pemba.